Kijiji Kilichoapa Kutoguswa Meno

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, beseni na saa ya ukutani, kisha mkaniambia niseme maneno machache. Nikasema machache kwelikweli, maana pilau ilikuwa inapoa. Sasa nimekaa nyumbani, migomba imepaliliwa, saa inanitazama, na nimeona ninyi wenzangu mnaobaki kwenye kazi ya meno mnastahili kitu zaidi ya "Mungu awabariki". Vyeo sitavizungumzia. Vilikuja, vikaondoka, na hakuna mgonjwa aliyewahi kuniuliza nina cheo gani kabla ya kufungua mdomo.

Nilianzia Kimuli, kwenye chumba tulichogawana na watu wa chanjo. Sisi tulikuwa upande wa mlango, wao upande wa dirisha, hivyo kila mtoto aliyekuja kuchanjwa alimwona kwanza mtu mzima akipiga kelele. Kiti chetu cha meno kilikuwa kiti cha mbao kilichoazimwa kanisani, na Jumapili ya ubatizo tulikirudisha. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Stanslaus, tabibu wa meno wa siku nyingi, mwembamba, mwenye mikono iliyotisha kwa nguvu. Vifaa vyetu alivichemsha kwenye jiko la mkaa, ndani ya sufuria moja aliyoilinda kama mboni ya jicho, tangu siku mpishi wa semina fulani alipoichukua akachemshia mayai ya wageni. Wageni walisifu mayai. Tangu hapo Mzee alikuwa anakwenda nayo nyumbani.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa kuli wa magunia ya kahawa, kifua kama mlango. Alipoiona sindano ya ganzi akazimia, akamwangukia Mzee Stanslaus na wote wawili wakalala sakafuni. Nikabaki nimesimama na sindano yangu juu. Mzee akasema kutoka chini, kwa utulivu kabisa: "Binti, sasa una wagonjwa wawili. Anza na huyu asiyelalamika."

Yeye ndiye aliyenifundisha neno ambalo nimelitumia mpaka kustaafu: usimwambie mgonjwa kwamba haiumi. Mwambie itaisha. Mdomo ukidanganywa mara moja, mara ya pili haufunguki.

Na wengi wa kwetu hawakupata mara ya pili. Mtu wa mjini akiumwa jino anauliza litazibwa lini. Wa kwetu huanza na mafuta ya taa, kisha ugoro, kisha maji ya betri, kisha maombi, na uso ukishavimba jicho likafumba ndipo anakuja kwangu na kuniuliza kama nimechelewa kufungua. Vifaa vya kuziba meno sikuwa navyo. Nilikuwa na koleo. Nimeng'oa meno ambayo mahali pengine yangemzika mwenyewe, na jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Kwa hiyo utafiti ulipokuja, miaka ya mwishoni mwa utumishi wangu, niliufurahia. Yalikuja magari mawili meupe, na ndani yake profesa mmoja mgeni kutoka ng'ambo, mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha darasani kilichonyooka kuliko changu, pamoja na wenzake wa chuo kimoja cha hapa nchini. Walisema ni utafiti shirikishi. Walitaka kujua kwa nini meno ya maskini yanaoza na kung'oka mapema kuliko ya wenye nacho, na kama miswaki, dawa ya meno na mafunzo vikifikishwa hadi kijijini, pengo hilo litapungua. Ni swali zuri, nalisema bila dhihaka. Mimi nilipewa kazi ya kuwakagua watu vinywa na kutafsiri Kinyambo pale Kiswahili kilipokwama.

Vijiji vilikuwa viwili, na majina yake nimeyabadilisha kwa sababu bado nina mashemeji huko. Rwenkende iko upande wa Kyerwa. Omukitoma iko upande wa Karagwe, si mbali sana na Igurwa. Katikati kuna mto mdogo wenye daraja la mbao. Kura ilipigwa: Rwenkende wapewe miswaki na mafunzo, Omukitoma waachwe kama walivyo ili wawe wa kulinganishwa nao, nao wapewe vyao kazi ikiisha. Profesa akaongeza, nilimsikia kwa masikio yangu, kwamba mtu yeyote atakayeumwa atibiwe kama kawaida. Tatizo ni kwamba aliongeza hilo wakati kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kimeshaingia, na kwetu kibuyu kikiingia hotuba imeisha.

Mwenyekiti wa Omukitoma aliitwa Ta Kamugisha. Mzee wa kanisa la Kilutheri, mkulima wa kahawa, mtu ambaye akikwambia atafika alfajiri, jogoo ndiye anayechelewa. Alisikiliza yote, akauliza: "Waitu, waheshimiwa, katika vijiji vyote hivi, mmetuchagua sisi tusipewe?"

"Ndiyo, mzee," Profesa akajibu. "Bila ninyi kazi yote haina maana."

Ta Kamugisha akasimama. Akaagiza kahawa, ile ya kutafuna tunayowapa wageni, iliyochemshwa na majani na kukaushwa na maganda yake, katika kikapu kidogo. Akachukua tunda moja, akalipasua, zikatoka punje mbili. Moja akampa Profesa, moja akatafuna yeye. Profesa alikuwa mtu wa adabu, akatafuna, akasema ni tamu sana. Si tamu.

Kwa ninyi msiotoka huku: zamani watu wawili waliogawana punje mbili za tunda moja, zikiwa zimechovywa kwenye damu ya kila mmoja, walikuwa ndugu hadi kaburini. Undugu huo tunauita omukago. Atakayeuvunja, tumbo lake litavimba na ukoo wake utajua ni kwa nini. Damu Ta Kamugisha hakuitia kwa sababu ni Mlutheri, lakini punje ni punje. Akatangaza mbele ya kijiji: "Ndani ya Omukitoma, halitaguswa jino lolote mpaka ndugu yangu atakaporudi!"

Watu wakapiga makofi. Profesa naye akapiga makofi.

Nikamnong'oneza, "Profesa, umepata ndugu."

"Ndiyo," akasema kwa furaha. "Ushirikiano ni muhimu sana."

Magari hayajavuka kilima, Omukitoma wakaunda Kamati ya Kutoguswa. Nimefanya kazi na kamati nyingi serikalini, na ninakiri sijaona nyingine iliyofanya kazi hivyo. Sungusungu waliwekwa darajani kupekua mifuko. Mama mkwe akija kumwona mjukuu, mswaki wake unalazwa kwa mwenyekiti mpaka atakapoondoka. Kulikuwa na mwanamume mwenye jino la dhahabu alilolipata Bukoba, naye aliombwa kwa heshima asicheke hadharani mpaka utafiti uishe. Kwaya ikampoteza mwimbaji wa sauti ya nne, maana hakuna anayeimba sauti ya nne mdomo umefungwa.

Juu ya vijiti vya kusugulia meno walikaa kikao kirefu. Wengine walisema kijiti ni mswaki tu usio na kiwanda. Wengine wakasema vijiti vilikuwepo kabla ya utafiti na babu zetu walivitumia. Mwisho wakaafikiana kwamba watu waendelee kutumia vijiti, ila bila bidii.

Msidhani Rwenkende walikuwa na nafuu. Wao miswaki waliipokea kwa heshima kubwa mno hata wakaogopa kuitumia. Nyumba nyingine iliitundika juu ya mlango ndani ya nailoni yake, na ukikaribishwa sebuleni unaonyeshwa, "Ule pale wa baba, ule wa mama." Mwenyekiti wao, Bwana Ezekieli, mtu mwenye wivu wa maendeleo, alitaka Rwenkende ishinde. Nilimweleza kwamba huu si mpira. Akaniambia, "Daktari, kama kuna vijiji viwili na kuna kuhesabu, ni mpira."

Kicheko changu kiliisha pale wagonjwa wa Omukitoma walipoacha kuja. Nilikuwa nawajua kwa majina na kwa magego, na nilijua nani alikuwa amebakiza kidogo kuvimba. Nikaenda kuwaeleza kwamba kutibiwa kunaruhusiwa. Wakanipa kahawa, wakakubali kila nilichosema, na hawakuja. Nikawapigia simu watafiti. Wakatuma ujumbe mzuri, wa upole, ukasomwa kanisani baada ya matangazo ya ndoa: anayeumwa aende kutibiwa. Kamati ikakutana palepale nje ya kanisa na kutoa tafsiri. "Wanatupima," wakasema. "Wanataka kuona kama tutavunja."

Ndipo asubuhi moja ya masika nikaona bodaboda imeingia katika uwanja wa kituo chetu na mama mmoja nyuma, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna. Alikuwa Ma Koku, mke wa Ta Kamugisha.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mzee wangu ameota taya la pili. Hali, hanywi, na mate anayatema kwenye kopo. Nimemwambia twende kwa daktari, anatikisa kichwa. Nikalia, anatikisa kichwa. Mwanangu, nina hasira hata kulia nimeacha."

Nilichukua mfuko wangu nikapanda nyuma yake, watatu kwenye pikipiki moja, jambo ambalo ninyi msilifanye. Nilimkuta Ta Kamugisha ameketi wima kitandani kwa sababu akilala anakosa pumzi. Uvimbe umejaa chini ya kidevu pande zote mbili, mgumu kama ubao, umeteremka shingoni. Ulimi umesukumwa juu. Wanafunzi wangu mnakumbuka nilivyokuwa nikipiga meza nikifika hapa: gego la chini lililooza, usaha ukateremka chini ya ulimi, uvimbe unaziba koo, na mtu anakufa akiwa na akili zake zote huku anawaangalia. Hospitali ilikuwa mbali, na gari la wagonjwa lilikuwa gereji. Ilikuwa lazima usaha utoke kwanza, na utoke siku hiyo, la sivyo kijiji kingechimba kaburi.

Niliweka vifaa mezani. Wazee wa kamati wakaingia, wakavua kofia, wakanisalimia vizuri, kisha wakasimama kati yangu na mgonjwa.

"Daktari, tunakupenda," akasema msemaji wao. "Lakini mzee alitafuna."

"Atakufa!"

"Akifa, atakufa mkweli."

Nilipandwa na hasira ambayo sijui kama iliwahi kunipanda kabla. Niliwaita majina ambayo mke wa mwinjilisti kama mimi hapaswi kuyajua. Wakayapokea kwa unyenyekevu. Nikampigia Profesa kwa simu, nikaweka spika ili wote wasikie. Kwake ulikuwa bado ni usiku. Alipoelewa, alipiga kelele kwa Kiswahili chake kilichonyooka: "Ndugu yangu, tafadhali tibiwa! Mshiriki yeyote ana haki ya kujitoa katika utafiti wakati wowote!"

Neno baya kuliko hilo asingeweza kulichagua. Ta Kamugisha, ambaye hakuweza kusema, alitikisa kichwa kwa nguvu hata mate yakamrukia msemaji wa kamati. Kujitoa! Mzee wa kanisa, mwenyekiti, ajitoe? Na msemaji akaongeza kwamba, kwa heshima zote, punje ilitafunwa kwa mdomo wa nyama, haiwezi kutapikwa kwa mtandao.

Hapo Ma Koku, aliyekuwa amesimama mlangoni na kandambili yake moja, akasogea mpaka kitandani.

"Kamugisha. Ulipoapa nilikuwa nimekaa nyuma yako. Ulisema 'ndani ya Omukitoma.' Sema kama sivyo."

Mzee akamtazama.

"Hukusema Igurwa. Hukusema Kyerwa. Hukusema dunia nzima. Basi toka nje ya Omukitoma ukatibiwe, urudi na kiapo chako kizima. Na ukikataa, nitakufa mimi kabla yako, uone nani atakukanda uvimbe huo."

Wazee wa kamati wakatazamana. Sijawahi kuona watu wamefurahi hivyo kushindwa. Engozi, ile machela yetu ya kubebea wagonjwa, ikafika nimefunga mfuko tu. Vijana wakambeba wakiwa wanakimbia kwenye tope, wazee wa kamati mbele wakisafisha njia, mimi nyuma nikimwinua kichwa asilale chali.

Tulivuka daraja. Upande wa pili alikuwa amesimama Bwana Ezekieli na watu wake, maana habari huku hutangulia miguu.

"Poleni sana," akasema. "Lakini hapa hapana."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Daktari, sisi tumepewa miswaki, tunahesabiwa. Mkilitoa jino bovu Rwenkende, litaandikwa ni la Rwenkende. Tumepiga mswaki kwa jasho. Rudini kwenu nalo."

"Kwetu haliguswi!" wazee wa Omukitoma wakafoka.

"Na kwetu halihesabiwi!"

Wakaanza kubishana pale ukingoni, Walutheri na Wakatoliki, Karagwe na Kyerwa, na mtu anakoroma katikati yao. Nikasikia pumzi yake inapiga mluzi. Mluzi huo mkiusikia, msimsubiri mtu yeyote. Niliwaamuru vijana warudi hatua chache na kumweka chini, katikati ya daraja.

"Hapa ni wapi?" nikauliza kwa sauti. "Ezekieli, hapa ni Rwenkende?"

"Mpaka wetu ni ukingo," akasema, akifikiri.

"Wazee, hapa ni Omukitoma?"

"Mpaka wetu ni ukingo," wakasema nao.

Nikavaa glovu. Ma Koku akapiga magoti kwenye mbao na kukishika kichwa cha mumewe kati ya mapaja yake. Mvua ilikuwa imeanza manyunyu, mtu akatushikia jani la mgomba. Nilichoma ganzi chini ya kidevu, nikapasua, nikaingiza kidole kwenye uvimbe kutafuta ulipo usaha. Ulipotoka, harufu yake iliwarudisha nyuma Omukitoma na Rwenkende kwa pamoja, na hayo ndiyo makubaliano ya kwanza niliyoyaona kati yao. Taya likalegea. Mluzi ukaisha. Nilisubiri kidogo, nikachoma ganzi tena, nikachukua koleo la magego ya chini, na jino lile lenye balaa yote likatoka vipande viwili. Ezekieli aliagiza mwenyewe litupwe mtoni, lisije likaonekana upande wowote.

Nilimchoma sindano ya dawa na tukaanza kungoja pikapu ya kahawa impeleke hospitali. Ta Kamugisha alikuwa ameegemea miguu ya mkewe, bandeji shingoni, anavuta pumzi kama anayekunywa maji. Hofu huwa inanijia kazi ikishaisha. Ilipokuja, niligomba.

"Mzee, ulitaka kufa kwa ajili ya utafiti wa miswaki! Kwa nini?"

Alisema polepole, maneno yakipita pembeni mwa pamba.

"Mwanangu, nimezaliwa Omukitoma. Baba alikufa na meno mawili. Mama hakuwa na hata moja. Kabla ya hawa kuja, hatukupewa mswaki, hatukupewa mafunzo, hatukupewa kitu. Sasa niambie. Wakati ule nani alikuwa ametuchagua tusipewe?"

Nikambadilishia pamba mdomoni.

"Hawa," akasema, "walikuwa wa kwanza kuja kutuomba ruhusa."

Ma Koku akamwambia anyamaze, atafungua kidonda. Nikainama kukusanya vifaa vyangu, na nilipoinuka nikamwona mama mmoja wa Omukitoma amesimama mwanzo wa daraja, shavu limefungwa kitambaa. Nyuma yake yule mwenye jino la dhahabu. Nyuma yao wengine, wameshika mataya. Nikageuka. Upande wa Rwenkende nako walikuwa wameanza kupanga mstari, na aliyekuwa wa kwanza alikuwa Bwana Ezekieli, anaangalia mtoni kama mtu anayepita tu.

"Daktari," yule mama akaniuliza kwa unyonge, "kumbe hapa darajani hatumo kwenye utafiti?"

"Hamumo," nikasema.

Akaja, akaketi juu ya mbao, akafungua mdomo.